Mwanahawa Tulimwacha Hospitali

Wiki iliyopita kijana mmoja anayenifyatulia matofali alikanyaga msumari, na mke wangu akatoka ndani na chupa ya aidini, ile dawa ya vidonda yenye rangi ya chai iliyokolea. Kijana akapiga ukelele, wenzake wakamcheka. Mie nilikuwa nasimamia lori likipakiwa, mara nikajikuta nimeshika ukuta. Ile harufu iliniingia puani ikanirudisha moja kwa moja Kinondoni ya minazi na mikorosho, nyuma ya nyumba ya baba yangu. Vijana wakadhani presha imepanda. Nikawafokea warudi kazini, maana mie si mtu wa kuonwa ameshika ukuta.

Wanaonijua wanajua. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe mwalimu alinionea huruma. Lakini leo nusu ya nyumba za Manzese zimesimama juu ya matofali yangu, malori yangu yanaanza kunguruma kabla ya adhana, na nyumba yangu ya ghorofa niliijenga bila kuazima hata toroli la mtu. Mtasema naringa, na mkisema hivyo hamtakuwa mmekosea sana. Nimetoka mbali, nina haki ya kuringa kidogo. Ila habari ya mdogo wangu sijawahi kumsimulia mtu, hata huyo mke aliyetoka na chupa, na naona rika letu linapungua kila Ijumaa. Basi niiandike.

Baba alikuwa mchoma chokaa. Nyie wenzangu mnaikumbuka kazi ile, kabla saruji haijawa kitu cha kila mtu. Mawe ya matumbawe yanaletwa kutoka ufukweni, yanapangwa juu ya magogo duara zima kubwa kama kibanda, moto unawashwa, na moshi wake unakaa juu ya mtaa mpaka nguo za majirani zinanuka. Mawe yakipoa yanakuwa meupe, ukiyamwagia maji yanachemka yenyewe na kuvunjika unga. Baba na msaidizi wake walikuwa weupe nyusi mwaka mzima. Msaidizi huyo ni Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyekuja pwani kutafuta kazi ujanani akasahau kurudi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo wale wawili walitukanana tangu asubuhi mpaka magharibi, na sijapata kuona tena watu wanaopendana vile.

Nyumbani tulikuwa baba, mama, bibi aliyemzaa baba, na mie. Kati yangu na mdogo wangu mama alikuwa amezika wawili, wote kabla hawajatembea. Kwa hiyo Mwanahawa alipozaliwa akapita arobaini, akakaa, akaanza kutambaa, nyumba nzima ilikuwa kama inamtazama kwa pembeni, haithubutu kufurahi kwa sauti. Mie nilithubutu. Nilikuwa na vifuu vyangu viwili vya nazi, nikivigonganisha mbele yake anacheka mpaka anaanguka chali. Alikuwa mnene, mapaja yana mafundo mafundo, kichwani nywele zimejaa hadi mama anamfunga vifundo vinne, na kwenye kinywa meno mawili tu, ya chini. Hayo meno mawili myakumbuke, maana mie niliyakumbuka sana.

Ilianza kwa kikohozi. Bibi akamfukiza, akamchua mafuta, kikohozi kikashuka kifuani, pumzi ikawa fupi kama ya kuku aliyekimbizwa juani. Siku moja nilitoka chuoni, kusoma Kurani, na ubao wangu mkononi nikakuta mlango umerudishwa, mama hayupo, Mwanahawa hayupo. Bibi alikuwa ameketi peke yake kizingitini.

"Wamekwenda wapi?"

"Mjini, hospitali kwa Wazungu. Njoo ule, mume wangu." Bibi aliniita mume wake, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wa kiume.

Walikaa huko muda mrefu. Mvua za vuli zilianza na kwisha hawajarudi. Watoto hatukuruhusiwa kuingia wodini, kwa hiyo nilimwona mama mara moja tu, kwa mbali, baba aliponipeleka nje ya ukuta wa hospitali na mama akanipungia mkono kutoka dirishani. Habari tulizipata kwa baba, akirudi jioni na miguu yake imejaa vumbi. Jioni moja aliketi kwenye kinu kilicholala, akawa anajikung'uta vumbi miguuni mpaka bibi akamkaripia.

"Sema basi. Mtoto yu hai?"

"Yu hai. Wamempasua."

"Wamempasua wapi?"

"Hapa." Akajigusa ubavuni, chini ya ziwa la kushoto. "Daktari anasema usaha umeuzunguka moyo, unaubana, hauwezi kupiga. Wamefungua wameutoa."

"Wamefika moyoni?"

"Wamefika, mama. Wameuona kwa macho yao."

Bibi alishika kichwa. "Mtu akafunguliwa mpaka moyo ukaonekana, halafu akarudi yeye yule?" Hakuwa akimuuliza baba, alikuwa akijiuliza. Lakini mie nilikuwa nimekaa pale karibu na chungu, na swali lile nililichukua nikaenda nalo kulala.

Zamani hizo sikujua kitu. Juzi juzi tu daktari mmoja, mteja wangu, niliyemjengea ukuta wa kwake wote, nilimuuliza kama jambo lile linawezekana kweli. Akaniambia ndiyo, lilifanyika, na kwamba mtoto mdogo vile kutoka hai kwenye upasuaji wa miaka ile, huyo daktari alikuwa fundi na huyo mtoto alikuwa shujaa. Nilifurahi kusikia hivyo, ingawa ilikuwa furaha ya ajabu.

Siku ya kumleta nyumbani baba hakutaka mtoto apakatwe njia nzima juani. Wakauosha mkokoteni wa mawe, wakaukwangua chokaa yote, wakatandika godoro la sufi na mkeka juu. Leo nikitaka kumtoa mtu hospitali napeleka gari lenye viyoyozi. Siku ile gari letu lilikuwa mkokoteni na injini ilikuwa Mzee Maganga. Niliwasikia kabla sijawaona.

"Nyie Wazaramo mizigo hamuiwezi, mnaita Mnyamwezi," alikuwa akisema. "Tumewabebea tangu babu zenu. Sasa nakubebea mpaka mke."

"Vuta, wewe punda, usimtikise mtoto."

"Punda ndiye anayekuletea mwanao. Muombee maisha marefu."

Nikakimbia na vifuu vyangu. Bibi akanidaka mkono, akanivuta nyuma yake. Nikashangaa mkokoteni haukuja mlangoni. Ulizunguka nyuma ya nyumba mpaka jalalani, pale tulipotupa majivu na maganda ya mihogo. Mama akateremka amekonda, kanga imemlegea, na mikononi ana kitu kimefunikwa. Akakitandikia jani la mgomba juu ya majivu, akakiweka, akageuka akaondoka bila kutazama nyuma. Baba na Mzee Maganga nao wakageuka. Utani ulikuwa umekwisha.

Kwenye jalala alikuwa amebaki mtoto peke yake, analia kwa sauti nyembamba.

Ndipo akatokea jirani yetu, Mama Tatu, mwanamke mwenye kicheko kikubwa, lakini siku ile hakucheka. Alikuwa na ungo. Akamwokota mtoto, akamweka kwenye ungo, akaja nao mpaka mlangoni kwetu akapiga hodi.

"Nimeokota kitoto jalalani," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Kibaya, kimekonda, kina kidonda. Nani anakitaka?"

"Sisi tulikuwa na mtoto wetu, mzuri, jina lake Mwanahawa," bibi akajibu, naye kwa sauti hiyo hiyo. "Tumemwacha hospitali, hatuna haja naye tena. Hicho kinaitwaje?"

"Hakina jina."

"Basi kiite Sikitu. Kilete, kitatusaidia kuchunga kuku."

Akampa Mama Tatu chumvi kwenye kifuu, naye Mama Tatu akamkabidhi ungo. Biashara ikawa imekwisha. Bibi akatugeukia sote, mpaka Mzee Maganga. "Mmesikia. Mwanahawa hayupo. Asilitaje mtu jina lile ndani ya nyumba hii."

Wenzangu mliozaliwa pwani hamna haja ya kuelezwa. Mama amezika watoto wawili, wa tatu kaponea tundu la sindano, basi jina la zamani linafichwa, mtoto anadharauliwa mbele za watu, mauti yakija kuuliza Mwanahawa yuko wapi yaambiwe hayupo, na yakimwona huyu yaseme hiki si kitu, yapite. Ilifanywa kwa mapenzi makubwa. Mauti yaliyopangiwa kudanganywa hayakudanganyika. Aliyedanganyika nilikuwa mie.

Nani angenieleza? Kueleza ni kulitaja jina. Na mie nilikuwa na ushahidi wangu. Nilipofunuliwa ungo nikaona mtoto aliyenyolewa kipara, miguu kama vijiti vya mwiko, macho makubwa yasiyonijua. Nikamgongea vifuu, akaanza kulia. Alipofungua kinywa kulia nikatazama: meno manne. Mawili chini, mawili juu. Nikarudi nyuma nimeridhika kabisa. Mwanahawa ana mawili. Huyu ni mtoto wa watu, na amesemwa waziwazi katokea wapi.

Sikumchukia. Alikuwa mgeni, na kwetu mgeni hachukiwi. Nilimpisha kivulini, nilimfukuzia nzi. Asubuhi mama alimfungua kitambaa ubavuni akampaka aidini kwenye mshono, na harufu ikajaa chumba kizima, mtoto akajinyonganyonga kwa maumivu, mama akasema, "Tulia Sikitu, tulia takataka yangu, tulia," huku machozi yanamdondoka kwenye kile kipara. Nikawa nawaza, mama ana huruma, analia hata kwa mtoto wa kuokota. Daktari alikuwa amesema asikae kwenye moshi, kwa hiyo baba hakuwasha tena tanuri. Mawe yalirundikana yamepangwa, magogo yamekaa, na wanunuzi wakija wanaambiwa waende kwingine. Mzee Maganga alikuja kila asubuhi hata hivyo, akaketi na baba kando ya tanuri la baridi.

"Mtani, tutakula nini?"

"Tutakula wewe."

"Mie nyama ngumu. Utahitaji moto, na moto umekataa."

Mara moja mama aliniambia, "Mchezeshe mdogo wako, nipepete mchele."

Nikamjibu, "Mdogo wangu yuko hospitali."

Mama alisimama na ungo wake hewani. Lakini bibi alitoka ndani anatabasamu, akanishika kichwa kwa mikono miwili. "Umesikia huyo? Kuliko nyie wote. Hivyo hivyo mume wangu, wakikuuliza useme hivyo hivyo." Akanipa kipande cha sukari guru. Basi nikasema hivyo hivyo kwa kila aliyeuliza, chuoni, kisimani, dukani, na kila mahali watu wazima waliniangalia kwa heshima kama mtoto mwenye akili kuzidi umri. Mpaka leo sijapata sifa nilizozipata wiki zile, na mie sifa nimezipata nyingi.

Siku zilivyokwenda mtoto akaanza kuchukua nyama. Mshono ukakauka. Alasiri moja mama yuko kisimani na bibi anasinzia, nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mkeka nikichora mchangani. Nikahisi kitu kinanigusa kisigino. Sikitu alikuwa ametambaa kutoka upande wa pili, kifuu kimoja mkononi, anakigonga kwenye mguu wangu. Alikigonga, akanitazama, akasubiri. Nikachukua kile kingine nikagonga. Akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kidogo, cha pumzi tupu, akaanguka chali.

Nikamsogelea nikamnong'oneza, "Kwenu wapi wewe?" Akanishika pua. Nikamwambia, "Usijali. Mwanahawa akirudi nitamwambia msigombane. Vifuu viko viwili." Niliamua pale pale kwamba atakaporudishwa wa kwetu, huyu asirudishwe jalalani, nitamsemea kwa baba. Nilianza hata kuwapangia mahali pa kulala.

Masika yakaingia, na mvua ya kwanza ilimkuta Sikitu ana homa. Haikuchukua muda. Baba alimtuma Mzee Maganga kuuandaa mkokoteni wampeleke mjini kulipopambazuka, na mkokoteni ulikuwa mlangoni, godoro juu, mwavuli umefunguliwa, mama alipotoka amempakata, akasimama kwenye mvua badala ya kupanda. Baba akamtazama. Mama akatikisa kichwa. Mzee Maganga akaishusha chini mikono ya mkokoteni taratibu, kana kwamba bado kuna mtu wa kutikiswa.

Nyumba ikajaa watu. Wanawake ndani, wanaume barazani chini ya makuti. Nilichota maji, nilipokea mikeka, niliwaonyesha wageni pa kuweka viatu. Nilikuwa na huzuni, siwafichi, huzuni ya mtu aliyeondokewa na mgeni aliyeanza kumzoea. Lakini sikulia. Ndani mama alilia kwa jina, "Mwanahawa wangu, Mwanahawa wangu," na nikaelewa: msiba wa mtoto wa watu umemkumbusha wa kwake aliye mbali. Baba alitoka na kimzigo cheupe mikononi mwake, hakikuhitaji jeneza wala wabebaji, wanaume wakamfuata kwenye mvua. Mie niliachwa nisaidie nyumbani.

Waliporudi Mzee Maganga alinishika bega mbele ya watu. "Mtani, huyu ndiye mwanamume wa nyumba yenu. Nyie wengine mnalia kama mmeibiwa kuku, yeye kasimama kama nguzo." Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Nikajinyoosha zaidi.

Matanga yakaisha, watu wakatawanyika na mikeka yao. Asubuhi yake baba alikuwa kwenye tanuri, anayagusa mawe moja moja bila kuyafanya chochote. Nilikuwa nimenawa uso na miguu, nimevaa kanzu yangu ya Idi na kofia. Nikaenda nikasimama mbele yake kwa adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Baba, Mwanahawa tunakwenda kumchukua lini?"

Nadhani mwanzoni alifikiri nimefundishwa na bibi kusema kitu. Halafu akaitazama kanzu.

"Kumchukua wapi?"

"Hospitali. Tulikomwacha. Sasa Sikitu hayupo, na mama analia kila siku. Wakimrudisha atanyamaza."

Baba aliweka chini jiwe alilokuwa ameshika. Akajipangusa mikono kwenye msuli wake, akaichunguza, akajipangusa tena. Nilisubiri anikatalie, maana njia ilikuwa na matope. Akasema, "Twende."

Mkono wake ulikuwa mkavu wa chokaa, ulinikwaruza, na niliufurahia. Njiani niliongea bila kupumua. Nilimwuliza kama wodini wanawapa watoto uji wa sukari. Nilimwuliza kama Mwanahawa sasa anatembea, na kama hatembei nani atambeba kurudi, na nikamwambia nitambeba mie mpaka kwenye mikorosho, kisha yeye. Nikamwambia kuhusu meno, nilivyomtambua Sikitu siku ya kwanza kwa meno, wakati watu wazima wote hawakuangalia. Baba alisema "Ehe" mara moja, akaongeza mwendo.

Kwenye njia panda, barabara ya mjini ilikuwa inakwenda kulia. Baba alikata kushoto.

"Baba, tumekosea njia."

Hakusimama. Tulipita kwenye majani marefu yenye maji, kanzu yangu ikalowa mpaka magotini, tukatokea kwenye uwazi chini ya minazi, palipo na mawe yaliyosimamishwa mawili mawili. Penginepo majani yalikuwa yameshafunika. Palikuwa na mahali pafupi, udongo mwekundu bado haujashuka, na mawe yake mawili yalikuwa matumbawe kutoka kwenye rundo letu. Niliyatambua. Baba alichuchumaa akaniweka katikati ya magoti yake, tukawa tunatazama upande mmoja.

"Mwanahawa huyu hapa."

"Huyo ni Sikitu."

"Ni huyo huyo, mwanangu. Tulimleta nyumbani. Alikuwa nyumbani siku zote zile."

"Meno yalikuwa manne."

"Yaliota," baba akasema. "Huko hospitali. Watoto huota meno."

Nikamtazama kama ananitania. Nikautazama udongo, nikaona ulivyo mfupi, nikakumbuka mtu aliyenigonga kisigino alasiri ile akanitazama akasubiri. Sauti iliyonitoka sikuijua kuwa ni yangu. Nililia mpaka nikatapika, na baba akanishikilia kwa nguvu, kidevu chake juu ya kofia yangu. Watu walikuwa wameshamaliza kumlilia. Wote walikuwa wamerudi kwenye shughuli zao, mikeka imekunjwa, vyungu vimerudishwa kwa wenyewe. Mie ndio kwanza nilikuwa nafiwa.